Video Haijaisha Mpaka Imecheza: Namna ya Kuitoa na Kuionyesha



Haya ni maandishi ya mazungumzo na vijana wetu wanaoshika simu na kamera kurekodi mambo ya mitaani kwetu. Yamewekwa hapa ili hata yule ambaye hakuwepo afaidike. Soma polepole, na kama uko na laptopu karibu, jaribu huku ukisoma.

Nianze na neno moja. Mkisahau yote mengine, hili mlishike: video haiishi siku unapomaliza kuihariri. Inaisha siku inapocheza, picha na sauti, mbele ya yule mtu uliyemkusudia. Baina ya siku hizo mbili kuna safari, na kazi nyingi za vijana zinapotelea kwenye hiyo safari.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Vijana wa mtaa fulani wametengeneza video ya dakika 5. Mifereji haitoi maji, akina mama wanabeba mitungi kutoka mbali, maji taka yanapita nje ya madrasa. Wamehoji watu, wamekata, wamepanga, kazi safi kabisa. Sasa, Ibara ya 196 ya Katiba yetu inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake, na vijana hawa wamepewa dakika 10 mbele ya kamati. Hebu fikiria: flashi imechomekwa, projekta imewaka, na pale ukutani linatokea tangazo kwamba faili halifunguki. Au picha inakwenda vizuri lakini hakuna sauti. Waheshimiwa wanatazama saa. Dakika 10 zinakwisha. Yule mama aliyejikaza akaongea mbele ya kamera, maneno yake yamebaki ndani ya flashi. Yeye ndiye aliyepata hasara hapo, tena hasara ambayo ingezuiwa kwa nusu saa ya kujaribu jana yake.

Basi tujifunze hiyo nusu saa ina nini ndani yake.

1. KWANZA ULIZA: INAKWENDA WAPI?

Kueksipoti ni kuitoa video ndani ya programu ya kuhariri iwe faili moja linalojitegemea. Iwe unatumia CapCut kwenye simu, au Shotcut, Kdenlive au DaVinci Resolve kwenye kompyuta, kanuni ni ile ile. Kabla hujabofya kile kitufe cha mwisho, jiulize: nani ataitazama, na kwa kifaa gani?

Video ya vijana wetu ina safari tatu. Itaonyeshwa kwa projekta mbele ya kamati. Itatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa watu wenye simu ndogo na bando la kuhesabu. Na itapandishwa YouTube ibaki huko. Hizi ni safari tatu, kwa hivyo toa mafaili matatu. Ukilazimisha faili moja lifanye kazi zote, litakuwa zito mno kwa WhatsApp na hafifu mno kwa projekta.

Jambo jingine la kuamua mapema ni umbo. Picha ya kusimama inapendeza kwenye simu. Lakini iweke kwenye projekta ya kulala: inachukua chini ya thuluthi moja ya upana wa ukuta, kwingine kote ni giza. Kwa ukumbi toa ya kulala, 1920 kwa 1080. Kwa simu unaweza kutoa ya kusimama, 1080 kwa 1920, lakini ipange upya, usiikate kiholela ukamwacha msemaji nusu uso.

2. MTUNGI NA KILICHOMO

Watu wengi wanasema, "Lakini mimi niliitoa kwa MP4, mbona haichezi?" Sikiliza. MP4 ni mtungi tu. Mtungi unaweza kuwa na maji, maziwa au mafuta ya taa, na kwa nje ukaonekana sawa. Ndani ya MP4 kuna picha iliyobanwa kwa njia fulani, na sauti iliyobanwa kwa njia yake. Hizo njia za kubana zinaitwa kodeki. TV au projekta inaweza kuujua mtungi isijue kilichomo. Ndiyo unapata sauti bila picha, au picha bila sauti.

Kodeki ya picha inayokubalika karibu kila mahali ni H.264. Iko tangu mwaka 2003, na simu, TV na laptopu nyingi sana zinaijua. Kuna mdogo wake, H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ya mwaka 2013. Hiyo inabana zaidi, faili linaweza kuwa karibu nusu ya ukubwa kwa picha inayokaribiana. Inavutia, lakini TV ya zamani au laptopu ya ofisini inaweza kuikataa, ama icheze kwa kukwamakwama. Kwa sauti, tumia AAC.

Kwa hivyo ukiwa na shaka yoyote, shika haya matatu: MP4, H.264, AAC. Iandike ukutani kama unataka.

Angalia pia simu yako. Simu nyingi za siku hizi zinarekodi kwa H.265 bila kukuuliza. Hiyo ni sawa kwa kurekodia, ila ukishahariri hakikisha unatoa kwa H.264.

3. HESABU YA UZITO

Uzito wa faili unatokana na kitu kimoja zaidi ya vyote: data ngapi zinatumika kwa kila sekunde. Kwenye mipangilio utaona imeandikwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Biti nane ni baiti moja. Kwa hivyo hesabu ni hii: Mbps, mara sekunde, gawanya kwa nane. Unapata MB.

YouTube wanapendekeza Mbps 8 kwa video ya 1080 yenye fremu 24 mpaka 30 kwa sekunde, na Mbps 5 kwa ya 720. Video yetu ni dakika 5, yaani sekunde 300. Nane mara 300, gawanya kwa nane: MB 300, na sauti kidogo juu yake. Hiyo inafaa kwa projekta na kwa YouTube.

Sasa mtumie shangazi yako MB 300 kijijini uone kama ataifungua. Hatafungua, na usimlaumu. Kwa WhatsApp kata kipande cha sekunde 90, kile chenye uzito wa maneno, ukitoe kwa 720 na Mbps 1.5. Hesabu: 1.5 mara 90, gawanya kwa nane, ni kama MB 17. Ukiongeza sauti ya kilobiti 128 inafika MB 18 na kidogo. Hiyo mtu anaifungua bila kufikiria mara mbili. Mwishoni weka maneno ya kumwelekeza kwenye video kamili.

Na tafadhali, msipandishe video ya 720 kuwa 4K mkidhani itakuwa safi zaidi. Kisichokuwemo kwenye picha ya kwanza hakiongezeki kwa kuitoa kubwa. Utaongeza kilo tu.

4. FREMU, NA MIDOMO INAYOACHANA NA MANENO

Fremu ni zile picha moja moja zinazopita kwa kila sekunde. Kanuni ni rahisi: umerekodi kwa 30, hariri kwa 30, toa kwa 30. Umerekodi kwa 25, fuata 25. Ukirekodi kwa moja ukatoa kwa nyingine, picha itaanza kurukaruka, hasa mtu anapotembea au kamera inapogeuka.

Simu nazo zina tabia yake. Nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe katikati ya kurekodi, kulingana na mwanga. Ukiileta kwenye programu ya kompyuta, mwanzoni midomo na maneno viko pamoja, kufika dakika ya nne mtu ameshafunga mdomo na sauti bado inakuja. Dawa yake ni kuipitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, uchague idadi ya fremu isiyobadilika, halafu ndipo uanze kuhariri. Lakini hakikisha ile ya asili unaihifadhi pembeni. Tutarudi kwenye jambo la asili, ni kubwa.

Wenye iPhone kuanzia ya 12, sikieni hili pia. Simu hizo kawaida hurekodi kwa HDR, yaani rangi na mwanga wa kiwango kipana. Kwenye simu yenyewe inang'aa. Ukiitoa bila kuibadilisha na kuionyesha kwa projekta ya kawaida, nyuso zinakuwa nyeupe kama zimepakwa unga, au picha nzima inapauka. Njia nyepesi ni kuzima HDR kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kurekodi.

5. SAUTI

Mtu atavumilia picha yenye ukungu kidogo. Sauti isiyosikika hataivumilia hata dakika moja.

Fanya majaribio matatu. La kwanza, vaa hedifoni usikilize masikio yote mawili. Maikrofoni nyingi ndogo za kubana kwenye nguo huingiza sauti upande mmoja tu, wa kushoto. Kama ukumbini spika ya kushoto ni mbovu au haijaunganishwa, mama yetu hatasikika kabisa. Kwenye programu chagua sauti iende pande zote mbili, halafu ndipo utoe.

La pili, tazama kile kipimo cha sauti. Kikigonga sifuri sauti inapasuka, na iliyopasuka haishoneki. Mahali pa juu kabisa paishie kama -1 dB. La tatu, icheze kwa spika ya simu ya kawaida ukiwa umekaa nje barabarani, boda boda zikipita. Kama maneno hayasikiki hapo, muziki wako wa nyuma ni mkubwa mno. Kama uliweka nasheed, ipunguze. Maneno ya mtu aliyedhulumiwa yatangulie.

6. MAANDISHI, NA HASA YA KIARABU

Wengi hutazama video bila sauti, kwenye matatu, kazini, au usiku watoto wakilala. Kwa hivyo weka maandishi ya chini ya picha. Kuna njia mbili. Moja ni faili la pembeni la SRT, ambalo YouTube inalikubali na mtazamaji anaweza kuliwasha au kulizima. Ya pili ni kuyachoma maandishi ndani ya picha yenyewe. WhatsApp haina nafasi ya SRT, kwa hivyo huko choma. Kwa projekta pia choma, usitegemee mashine ya ukumbi.

Usiyabandike pembeni kabisa. TV nyingine hukata kingo za picha. Acha nafasi ya kama asilimia 5 kila upande ambayo haina neno lolote.

Sasa la Kiarabu. Ukiandika aya au dua kwenye video, jua kwamba kuna programu ambazo hazijui kwamba Kiarabu kinasomwa kutoka kulia na herufi zake zinashikana. Zinaziachanisha herufi na kuzipanga kinyume, kushoto kwenda kulia. Anayesoma Kiarabu ataona aibu, na ikiwa ni aya ya Qur'ani, jambo hilo si dogo. Tena wakati mwingine kwenye skrini ya kuhariri inaonekana sawa, ukishaitoa imevunjika. Kwa hivyo angalia faili lililotolewa, sio lile dirisha la kuhariri. Mwonyeshe ustadhi au mwalimu wa madrasa kabla haijatoka. Njia salama zaidi ni kuiandaa aya kama picha kwenye programu inayojua Kiarabu vizuri, halafu unaiweka hiyo picha kwenye video.

7. WAKATI WENYEWE WA KUITOA

Kabla ya kubofya, angalia nafasi iliyobaki kwenye diski. Ikijaa katikati, kazi inakatika. Chomeka laptopu kwa stima, na betri iwe imejaa vilevile, manake stima zetu twazijua. Faili la MP4 huwa na orodha yake ya ndani, inayoambia mashine kila fremu iko wapi. Mara nyingi orodha hiyo huandikwa mwisho kabisa. Stima ikikatika kwenye asilimia 98, unaweza kubaki na faili kubwa la MB 290 ambalo halifunguki popote, kwa sababu lina kila kitu isipokuwa hiyo orodha.

Usitoe moja kwa moja kwenye flashi. Toa kwenye diski ya laptopu, itazame, halafu inakili. Na usiichomoe flashi kwa kuivuta tu. Iambie kompyuta kwanza, isubiri iseme tayari. Flashi nyingi zinaonyesha kunakili kumeisha na kumbe bado zinaandika.

Ipe jina linaloeleweka: maji_mtaani_projekta_1080.mp4, maji_mtaani_whatsapp_720.mp4. Yale majina ya "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho sasa hii" ndiyo yanayofanya siku ya kikao ichezwe ile yenye makosa.

Ikishatoka, itazame yote. Sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, kwenye mashine tofauti na ile uliyohariria. Angalia mwisho hasa: kuna programu za simu zinazobandika tangazo lao mwishoni, na wakati mwingine kuna kipande cha giza cha dakika mbili ulichosahau kukikata. Dakika 5 za kutazama ni bei ndogo.

8. UKUMBINI

Fika mapema. Uliza kabla: projekta inapokea waya gani? Kama ni HDMI, waya mmoja unabeba picha na sauti. Kama ni ule wa zamani wa VGA, sauti haipiti humo kabisa. Utahitaji waya wa pili kutoka kwenye tundu la hedifoni la laptopu kwenda kwenye spika. Hii ndiyo sababu moja kubwa ya video bubu kwenye mikutano, na watu hulaumu faili.

Usitegemee spika ya Bluetooth. Sauti yake huchelewa kidogo na midomo ikaonekana kama filamu iliyotafsiriwa vibaya. Tumia waya. Ukilazimika, kwenye VLC ya kompyuta bofya J au K kusogeza sauti nyuma au mbele mpaka ilingane.

VLC yenyewe iwe kwenye laptopu yako kabla hujatoka nyumbani. Ni ya bure, inabeba kodeki zake ndani, na inacheza karibu kila kitu. Kama mtatumia laptopu ya ofisi ya watu, uwe na VLC kwenye flashi pia.

Kwenye Windows, bofya kitufe cha Windows pamoja na P, chagua picha iende pande zote mbili. Zima laptopu isilale. Zima WhatsApp ya kompyuta na arifa zote, usije ukaonyesha ujumbe wa nyumbani kwenu mbele ya kamati. Na kama mnapanga kucheza kutoka kwenye simu kwa waya, jaribuni simu hiyo hiyo na waya huo huo. Simu nyingi za bei nafuu hazitoi picha kwenye tundu la kuchajia, hata ukinunua waya wa bei gani.

Kuhusu flashi ya kuchomeka kwenye TV: ikiwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Mfumo wa exFAT unapokea, lakini TV nyingine za zamani haziusomi. Faili letu la MB 300 linaingia popote, ni faida moja zaidi ya kufanya hesabu mapema.

Na uwe na njia ya tatu. Laptopu, flashi, na nakala kwenye simu ya mwenzako. Zote zikikataa, uwe na karatasi yenye maneno ya wale mliowahoji, usimame uyasome.

9. WHATSAPP NA YOUTUBE

Ukituma video kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa upya. Kila ikipitia mkono mwingine kwa kurekodiwa na kupakiwa tena, inazidi kufifia. Kwa watazamaji wa kawaida si neno, ndiyo sababu tumewatengenezea yao. Lakini ukitaka mwenzako apokee faili kama lilivyo, tuma kama waraka, yaani chagua "document" unapoambatisha. Tangu 2022 unaweza kutuma hivyo faili la mpaka GB 2, na halibanwi.

YouTube, pakia usiku wa kuamkia siku ya kutangaza. Mwanzoni huonyesha picha ya kiwango cha chini, ile safi huja baadaye ikishaandaliwa. Ukisambaza kiungo dakika ile ile, watu 200 wa kwanza wataona ukungu. Fungua kiungo kwa simu isiyo yako kabla ya kukitangaza, uone kama kinafunguka kwa mgeni.

10. ASILI, NA NYUSO ZA WATU

Hapa naomba mnisikilize vizuri zaidi.

Video iliyohaririwa ni ya kuwaeleza watu. Ya asili, ile iliyotoka kwenye kamera bila kuguswa, inaweza kuwa ushahidi. Usiifute ili upate nafasi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinahusu rekodi za kielektroniki mahakamani, na kinataka cheti kinachoitambulisha rekodi, kueleza ilivyotolewa na kifaa kilichohusika, kikiwa na sahihi ya mhusika. Andika siku ile ile: nani alirekodi, wapi, saa ngapi, kwa simu gani, na nakala imepita kwa nani. Baada ya miezi sita hutakumbuka.

Kuna namna ya kuonyesha kwamba faili halikubadilishwa. Kwenye Windows fungua ule ukurasa mweusi wa amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Utapata mlolongo wa herufi na tarakimu. Faili likibadilishwa hata kitu kidogo, mlolongo unaotoka ni mwingine kabisa. Uhifadhi mlolongo huo pamoja na maelezo yako. Na shahidi akikwambia ana video, mwambie akutumie kama waraka, asiitume kawaida.

Hifadhi nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Moto na mwizi hawaulizi.

Kisha nyuso. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto. Watoto wa madrasa kwenye video yetu, ombeni ruhusa kwa wazazi wao. Aliyesema "usionyeshe uso wangu", ziba uso wake, halafu tazama faili lililotolewa fremu kwa fremu pale anapogeuka, kwa sababu ule ufuniko huachwa nyuma kwa sekunde moja, na sekunde moja inatosha mtu kumpiga picha ya skrini. Usimpe mtu yeyote folda ya mradi, huko ndani uso wake bado uko wazi. Kumbuka pia video ya asili inaweza kubeba alama ya mahali iliporekodiwa. Ukiituma nzima, umetuma na njia ya kufika kwake.

Mama huyo alituamini na uso wake na maneno yake. Ni amana.

KWA UFUPI

Kabla ya kutoka nyumbani siku ya kikao, jibu haya:

- Nina mafaili matatu, la projekta, la WhatsApp na la YouTube?
- Yote ni MP4, H.264, AAC?
- Nimetazama kila moja mpaka mwisho, kwenye kifaa kingine?
- Sauti iko pande zote mbili?
- Kiarabu kimesomwa na anayekijua?
- Waya wa picha ninao, na wa sauti ninao?
- Ya asili imehifadhiwa, na maelezo yake yameandikwa?
- Kila anayeonekana ameridhia?

Ukijibu ndiyo kwa yote, nenda, keti, na uwaache waheshimiwa wamsikilize mama kwa dakika 5 bila kukatizwa. Dakika 5 zinazobaki ni zenu za kuuliza maji yatatoka lini.

Mwenye swali aliulize hapo chini, na mwenye ujuzi zaidi atuongezee. Mpelekee na mwenzako mwenye kamera.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.